Rubani Yupo, Amesimama Chini

Lugha yetu ina ada ya kukiita kitu kigeni kwa jina la kile kinachodhaniwa kuwa kimepungua ndani yake, na ndivyo magazeti yetu, hili likiwa miongoni mwao, yalivyozoea kuiita droni “ndege isiyo na rubani”, ibara ambayo msomaji huipokea bila ya kuihoji ijapokuwa ina kosa kubwa. Rubani, kabla neno hilo halijapandishwa angani na watu wa eropleni, alikuwa ni yule bingwa wa bahari aliyeijua miamba na mikondo na milango ya bandari, ambaye nahodha humwachia uongozi wa chombo kinapokaribia mahali pa hatari. Droni inaye rubani wa namna hiyo hasa. Yupo, amesimama chini juu ya nyasi, rimoti mikononi na macho juu. Kilichopungua si yeye bali ni kamba imfungayo na usukani wake, na mahali pa kamba hiyo pamewekwa mawimbi ya redio, yanayopokewa na kidude kiitwacho kipokezi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, nacho huyakabidhi kwa kidhibiti cha ndege kwa njia ya nyaya tatu au nne nyembamba mfano wa uzi wa kushonea. Juu ya nyaya hizo ndipo ninapotaka kusema leo, kwa kuwa naona sisi wa Machakos tumeanza kuzinunua ndege na kuzipuuza nyaya.

Nimezijua uzeeni, mwalimu wangu akiwa ni mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili asomaye uhandisi, ambaye katika likizo yake ya mwisho aliigeuza meza yangu ya kulia kuwa karakana, akatandaza juu yake mifupa ya droni aliyoiunga kwa vipande alivyonunua kimoja kimoja kadiri fedha zilivyopatikana: mikono minne ya kaboni, mota nne, betri, na katikati kijibao cha mraba, upana wake takriban sentimita nne, ambacho ndicho kidhibiti. “Mjomba, shika taa hapa, na usitetemeke,” aliniambia, nami nikatii, ingawa amri ya pili si nyepesi kwa mtu wa umri wangu.

Afahamishwe msomaji ambaye hajapata kukiona kidhibiti kwamba kazi yake si kutii tu. Droni ya mota nne haina mbawa za kuibeba, na ikikosa kurekebishwa kwa muda mfupi tu hupinduka kama sahani iliyosimamishwa juu ya ncha ya fimbo. Kwa hiyo kidhibiti huzisoma hisi zake, yaani jairoskopu na kipimo cha mvuto wa ardhi, mara elfu kadhaa kwa kila sekunde, kikaiongezea mota hii na kuipunguzia ile, kazi ambayo hakuna mkono wa binadamu uiwezao. Wenyeji wa hapa tunayo sababu ya kuiheshimu ala isiyoyaamini macho. Kule Kituluni, mwendo mfupi kutoka mjini, huwapeleka wageni wetu wakamwaga maji barabarani na kuyashuhudia yakipanda mlima, na gari lililotolewa gia likayafuata, hali wenye elimu ya fizikia hutwambia kuwa mteremko upo ila umefichwa na umbo la vilima vinavyouzunguka. Nasi huwasikiliza kwa adabu, kisha tukaendelea kuwaambia wageni kuwa ni maajabu. Kidhibiti kikipelekwa Kituluni hakitaona ajabu yoyote. Lakini kidhibiti hicho chenye hisi kali namna hii hakina nia. Kinajua kusimama sawasawa, wala hakijui kinatakiwa kwenda wapi, mpaka nia ya rubani ipite hewani, itue kwenye kipokezi, na ipite tena katika waya uliolehemiwa na mkono wa mtu.

Kipokezi cha kijana huyu kilikuwa na matundu manne. La kwanza ni la hasi, ambalo mafundi wa umeme huliita ardhi, na bila ya hilo hakuna mazungumzo, kwa maana pande mbili zisizoafikiana juu ya sifuri haziwezi kuafikiana juu ya moja. La pili ni la volti tano, wala si zaidi. Na betri ya seli nne ikijaa hufika volti 16.8, na katika vidhibiti vingi tundu la betri na tundu la volti tano hukaa jirani kama milango ya ndugu wawili wa nyumba moja, hata mwenye papara akaupeleka waya mwekundu mlango usio wake, kipokezi kikaungua kabla hajamaliza kusema lahaula. La tatu na la nne yameandikwa T na R, moja la kupeleka na moja la kupokea, na hapo ndipo mpwa wangu alipoteleza. Aliunga T na T, R na R, kwa mantiki ya mtu apangaye vikombe kabatini, akawasha, taa ndogo ya kipokezi ikawaka, akaifungua programu ya Betaflight kwenye kompyuta, akavisukuma vijiti vya rimoti huku na huku, na michirizi yote ya chaneli ikakaa kimya kama watu wa matanga. Alihangaika saa nzima, akaishuku rimoti, akaushuku waya wa kompyuta, akamshuku mwuzaji aliye mbali asiyeweza kujitetea. Mimi nisiyejua lolote nikamwuliza: ikiwa T ni kinywa na R ni sikio, kwa nini amewaweka watu wawili kinywa kwa kinywa na sikio kwa sikio, akataraji wasikizane? Hakunijibu. Alikipasha moto chuma cha lehemu.

Nilijifunza pia kwamba vipokezi, kama wanadamu, havisemi lugha moja. Zamani kila amri ilikuwa na waya wake, wa kupanda peke yake na wa kugeuka peke yake, na katika kila waya mpigo mmoja wa umeme ulipita mara hamsini kwa sekunde, urefu wake ukiwa baina ya sehemu moja na sehemu mbili za elfu ya sekunde, ufupi ukiwa na maana ya chini na urefu ukiwa na maana ya juu. Utaratibu wa wazi kabisa, ila uliifanya ndege ndogo ifanane na kikapu cha nyuzi. Wakaja Wajapani wa Futaba na lugha waliyoiita SBUS, ibebayo chaneli kumi na sita katika waya mmoja, nayo ina tabia ya ajabu ya kusema kila kitu kinyume, penye juu ikaweka chini, hivyo kwamba vidhibiti vya kizazi fulani haviwezi kuifahamu mpaka waya upitishwe kwenye tundu maalumu lenye kigeuzi, na wengi wamevitupa vipokezi vizima kwa kudhani ni vibovu kumbe vilikuwa vikisema kinyume tu. Siku hizi waya mbili hutumika, ili ndege nayo iweze kumrudishia rubani habari za betri na za nguvu ya mawimbi. Na programu ya ExpressLRS, ambayo ndiyo iliyomo katika kipokezi cha mpwa wangu, imeandikwa na watu waliotawanyika duniani wakaitoa bure, kadhalika na hiyo Betaflight. Maana yake ni kwamba kijana wa Mwala au wa Masii anayo leo programu ile ile aliyonayo kijana wa Shenzhen au wa Berlin, bila ya kumwomba mtu. Na sijui sanaa nyingine ya zama hizi ambayo mlango wake umeachwa wazi kiasi hicho.

Na antena? Ni kipande cha waya ambacho ncha yake iliyo wazi, kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, ina urefu wa milimita 31, ndiyo robo ya wimbi lenyewe, wala haipunguzwi kwa mkasi ili ipendeze, wala haifichwi nyuma ya kaboni, maana kaboni huyazuia mawimbi. Kijana aliifunga kwa uangalifu ikasimama kama sharubu za kamba wa pwani.

Kipokezi na kidhibiti vilipokwisha kusikilizana, nikadhani kazi imekwisha. Ndipo akayafanya yale ambayo kwangu mimi yamekuwa ndiyo kiini cha habari yote. Alizing’oa rafadha nne, akaziweka mbali kabisa. Akaziwasha mota taratibu, zikaanza kuvuma zikiwa uchi. Kisha, kwa makusudi, akaizima rimoti. Nilishtuka, nikidhani amekosea. Kumbe alikuwa akiuliza swali, na swali lenyewe ni hili: mtumishi huyu, sauti ya bwana wake ikikatika ghafula, atafanya nini? Kwani wapo wapokezi wa namna mbili. Yupo asemaye kwa ukweli, “Sisikii tena,” na kidhibiti kikashika hatamu, kikazizima mota au kikateremka polepole kama kilivyousiwa; na yupo mnafiki, aliyefungwa vibaya, ambaye sauti ikikatika huendelea kuirudia amri ya mwisho kana kwamba bado anaambiwa, na ikiwa amri ya mwisho ilikuwa “panda”, basi ndege itapanda na kupanda juu ya paa za watu, na kidhibiti, pamoja na hisi zake zote kali, hakitashuku lolote, maadamu mpokezi amekihakikishia kuwa bwana yupo na anasema. Mara ya kwanza mota hazikusimama. Zilivuma vile vile, rimoti ikiwa imezimwa mezani, na mimi nikaziangalia zile rafadha zilizowekwa kando, kila moja na makali yake, nikamshukuru Mungu kwa uwekaji huo. Alirekebisha mpangilio wa kipokezi, akajaribu tena mara saba. Mara zote saba zikasimama.

Nayasema haya kwa kuwa naogopa ndege ambazo hazijawahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyezifungua. Katika miaka hii michache droni zimekuwa jambo la kawaida katika kaunti yetu: harusini zinapiga picha, mashambani zinatazama matuta, na kwenye mikutano ya siasa zinaruka juu ya vichwa vya umati ambao haukutakwa ridhaa. Aghalabu ni za kununuliwa zikiwa timamu, zimefunikwa plastiki nyeupe, na mwenye nayo hajui kipokezi kimekaa upande gani. Nitaambiwa kuwa hizo zilizotoka kiwandani ni salama kuliko za kuungwa mezani na mtoto wa chuo, nami nakiri: kiwanda kimekwisha kulijaribu swali la sauti iliyokatika mara nyingi kuliko mpwa wangu, na nyingi hujirudia zenyewe mahali zilipoondokea. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini usalama wa kiwanda hudumu hadi siku ya kwanza ya kuanguka. Baada ya hapo ndege iliyokuwa timamu imekuwa ndege iliyotengenezwa, na yeyote aliyeitengeneza, awe anajua au hajui, ndiye aliyechukua dhamana.

Sheria yetu imemtazama sana rubani na kumtazama kidogo fundi. Kanuni za kwanza, za mwaka 2017, zilitenguliwa na Bunge mwaka uliofuata. Hizi tulizo nazo zilitoka 2020, nazo zinataka chombo kisajiliwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na kisiruke juu ya futi 400 bila ya idhini, na mambo mengine ya busara ambayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyozisoma. Tumezisoma kana kwamba elimu ya droni ni elimu ya vijiti vya rimoti, tukaanzisha mafunzo ya kurusha, vyeti vya kurusha na hata mashindano ya kurusha, na elimu ya kuunga tukawaachia vijana waiokote wenyewe usiku, kwa kuunguza. Mimi ningalikuwa mtahini, ningalimpa mwombaji kipokezi, chuma cha lehemu na waya nne, nikatoka nje ya chumba.

Zamani hatukuwa hivi. Nilipokuwa mtoto, redio ya transista ilipoanza kuingia nyumbani kwa watu wa kawaida na Sauti ya Kenya ikasikika milimani, kila soko la Ukambani lilikuwa na fundi wake wa redio, na wa kwetu alikaa barazani kwa Mhindi mwenye duka, jiko la makaa mbele yake, vyuma viwili vya lehemu vikipokezana motoni, kimoja kikipoa kimoja kinashika. Hakuwa na cheti. Alijua kuunusa mshono ulioungua, na alikuwa akiugusa waya kwa ulimi, jambo ambalo simshauri mtu. Redio zilipokuwa rahisi kununua kuliko kutengeneza, aliondoka, na meza yake ikachukuliwa na mwuza vifuniko vya simu. Kile kidude cha mpwa wangu si kingine ila ni redio: imerudi kwetu ikiwa ndogo mara mia, haina kipaza sauti, na msikilizaji wake si bibi aliyengoja taarifa ya habari bali ni mota nne. Lehemu ni ile ile. Mshono mzuri bado hung’aa, na mbaya bado huwa na rangi ya kijivu na umbo la tone lisilotaka kushika.

Wala ufundi kuingia hapa kwa njia ya mkono na jicho si jambo la kubuni. Uchongaji wa Wamunyu, ambao vinyago vyake vimefika Ulaya na Marekani na kuwalisha wachongaji wetu hata Changamwe, Mombasa, husimuliwa kuwa uliletwa na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyetoka na ujuzi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alichonga, jamaa zake wakamtazama, wakachonga, na majirani wakawatazama hao. Hakukuwa na wizara. Tofauti ni kwamba gogo likipasuka hupotea gogo, na ndege ikipasuka huenda ikapotea jicho la mtu. Kwa hiyo hapa mkono na jicho peke yake havitoshi, na panatakiwa mahali, meza, mwalimu, na mtu wa kusema “zing’oe rafadha kwanza”.

Mahali hapo tunapo. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imevikabidhi vyuo anuwai vya vijijini kwa serikali za kaunti, si kwa Nairobi, na hivyo hatuna haja ya kungoja waraka wa mtu yeyote. Chuo kinachofundisha kuunga nyaya za nyumba kinaweza, kwa meza moja zaidi na vyuma vichache vya lehemu, kufundisha kuunga kipokezi na kidhibiti, na mwalimu wa ziada akatoka Chuo Kikuu cha Machakos kilicho hapa hapa mjini. Na mafunzo hayo yatolewe kwa Kiswahili, si kwa ushabiki wa lugha, bali kwa sababu niliyoiona mezani pangu: kijana aliyesoma maneno yote ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya kijibao aliunga kinywa kwa kinywa, na akafahamu alipoambiwa kinywa na sikio. Atakayecheka istilahi zetu na acheke, ila atuonyeshe kwanza mshono wake.

Ninayo sababu nyingine ya kuliandika hili, nayo ni ndogo. Ipo taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliyonunua droni nzuri kwa fedha nyingi kwa ajili ya kupima mmomonyoko katika matuta yale ya fanya juu ambayo babu zetu waliyachimba kwa jembe. Iliruka mara tatu. Mara ya nne ikaingia mwembeni, na ilipoteremshwa ilikuwa nzima, ila haimsikii tena rubani wake. Mpwa wangu ameiona kwa nje, kupitia kioo cha kabati, na anaamini kwamba ni waya mmoja uliochomoka kwenye mshono, kazi ya nusu saa pamoja na majaribio ya kuizima rimoti. Alipoomba kuifungua alijibiwa kuwa akiigusa itapoteza dhamana ya mwuzaji; alipouliza dhamana hiyo inakwisha lini, ikaonekana ilikwisha mwaka juzi; alipoomba tena, kwa barua, akaambiwa barua imepokelewa. Kabati bado limefungwa. Ufunguo, nasikia, anao karani wa bohari, naye yuko likizo.